Nyuzi Nne za Bi Matone

Kwa miaka kumi na mmoja fundi mmoja wa maabara, aliyebandikwa jina la Bi Matone, alichanganya fuwele za kimiminika, ule uji mweupe unaokaa ndani ya vioo vya saa na vikokotoo, na chembe za dhahabu ndogo kuliko vumbi. Hakuwa na papara. Aliupasha uji mpaka ukawa angavu kama maji, akautikisa kwa mashine saa nzima ili chembe zisishikane, akaujaza ungali moto katikati ya vioo viwili. Kwenye hadubini ulimeremeta kijani na zambarau. Akipandisha joto, rangi zilizimika ghafla, na joto hilo ndilo aliloliandika daftarini.

Mkuu wake, Daktari, hakuwahi kuchafua hata kidole. Alikuwa amemwahidi kwamba majina yao yatakaa pamoja kwenye makala ya utafiti huo. Makala ilipoandikwa, jina likawa moja.

"Mama, wewe kazi yako mikono," alimwambia akicheka. "Majina ya nini?"

Moyo ulimchemka Bi Matone. Nyumbani mumewe akamtuliza, "Yaache, mke wangu. Mwenye nguvu mpishe."

"Nitampisha," akajibu. "Apite mwenyewe mpaka shimoni."

Wiki ile ile Daktari akamrushia makala alinganishe tarakimu na daftari. Hapo ndipo Bi Matone alipoliona kosa. Kipasha joto chao kilikuwa kizee, kikisoma nyuzi nne pungufu. Hata mfagiaji alilijua hilo, na kila aliyekitumia aliandika daftarini kilivyosoma, akajumlisha nne kichwani. Daktari hakuwahi kukitumia. Alichukua sitini na mbili, joto ambalo uji mtupu huzima rangi, kwenye lebo ya chupa, akachukua hamsini na nne ya uji wenye dhahabu daftarini, na sasa alitaka kuutangazia ulimwengu kwamba dhahabu inashusha joto hilo kwa nyuzi nane. Maajabu matupu!

"Zinalingana na daftari?" Daktari akamuuliza.

"Zinalingana, Daktari."

Wala hakusema uongo. Alirudi kwenye meza yake na raha imemjaa tele.

Makala ikachapishwa, sifa zikamiminika miezi mitatu, kisha akaja mtafiti mgeni kulirudia jaribio kwa kipasha joto chake mwenyewe. Wafanyakazi wote walikusanyika. Hamsini na nne ikafika, rangi zinawaka. Hamsini na sita, zinawaka. Daktari alijifuta jasho kwa mkono wa koti. Hamsini na nane, giza.

"Nyuzi nne tu chini ya sitini na mbili," mgeni akasema. "Hizo nane umezitoa wapi?"

Daktari alimgeukia Bi Matone, macho yamemtoka. "Ulijua! Mbona hukuniambia?"

"Makala ni yako, Daktari. Jina limo moja."

Makala ikafutwa, na Daktari akavuliwa ukuu. Lakini zile nyuzi nne zilikuwa za kweli, kazi safi ya miaka kumi na mmoja, na sasa hakuna aliyetaka hata kuzichungulia. Zilizikwa pamoja na jina la Daktari.

"Haikuumi?" mumewe akamuuliza.

"Inaniuma sana," akasema. "Lakini nikikumbuka lile jasho, nalala fofofo."