Kamba ya Kuhani Mkuu

Kule Nyamitaba, Euphrasie Murekatete hulima viazi juma zima, na Jumapili hufundisha katekisimu. Hadithi yake iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kuhani mkuu wa Wayahudi: kwamba alipoingia Patakatifu pa Patakatifu alifungwa kamba mguuni, ili akifia mle ndani kwa dhambi zake, wenzake wamvute nje. Mzee Kanyamibwa alipoisikia, alikwenda kumrudishia mdogo wake kipande cha shamba alichokuwa amemnyang'anya.

Mwaka huu makatekista waliitwa Kirotshe kwa mafunzo. Padri Bienvenu aliwafundisha kuyapima maandishi ya kale ya Kiyahudi: nani aliandika, muda gani baada ya mambo yenyewe, nani mwingine anashuhudia. Euphrasie akauliza habari za kamba.

"Mama, ile kamba haiko mu Biblia," padri alijibu. "Walimu wa Kiyahudi waliandika kazi za Hekalu zaidi ya myaka mia moja kisha Hekalu kuungua. Wanaeleza nguo, wanaeleza kuoga. Kamba, hata neno. Ile kamba inaonekana mu maandishi kisha myaka zaidi ya elfu."

"Basi hawa wa myaka mia moja njo wa kuamini?"

"Kuko mambo walikumbuka, kuko ingine walitamani ikuwe vile. Kila moja inapimwa."

"Inapimwa na kilo gani, Padri?"

Watu wakacheka. Euphrasie hakuwa akitania.

Njiani kurudi, nyuma ya pikipiki, aliwaza jinsi bibi yake na shangazi yake walivyosimulia ukoo ulivyofika kilimani, kila mmoja kivyake. Hakuna kati yao aliyekuwapo. Naye siku zote aliwaamini wote wawili.

Jumapili akawaambia watu ukweli kuhusu kamba. Kanyamibwa akabaki nyuma.

"Mama, kama kamba haikukuwa, lile shamba nililirudisha juu ya nini?"

"Papa, kunyang'anya iko mubaya, hata bila kamba."

"Ile niliijua tangu zamani. Haikunitosha."

Mzee akaenda zake.

Euphrasie aliogopa kusikia ugomvi wa shamba umefufuka, lakini majuma yalipita na shamba likabaki kwa mdogo mtu. Walipokutana kisimani, alimuuliza mzee kwa nini hakulichukua.

"Maharage yake imeshatoa maua," Kanyamibwa alisema. "Ningeng'oa namna gani?"

Euphrasie akajitwika maji yake, asijue kama afurahi au aogope siku ya mavuno.