Aliko Mzee Obuya

Lazarus Obuya alikuwa tarishi katika ofisi ya mawakili katikati ya jiji la Nairobi, na kwa miaka ishirini na mitatu hakula chakula cha mchana siku ya kazi. Saa saba ikifika aliweka chini faili alizorudi nazo kutoka mahakamani, akatoa kipaza sauti kidogo alichokificha nyuma ya meza ya mapokezi, akavuka barabara mbili hadi bustani ya Jeevanjee. Wahubiri wa mchana pale ni wengi. Kuna wa kazi, wa ndoa, na wa viza za kwenda ng'ambo. Lazarus alihubiri jehanamu peke yake.

Makarani waliokuja kunyoosha miguu na kutafuna njugu walimjua kwa sentensi moja. Alikuwa akipiga kelele dakika kumi, kisha ananyamaza, anashusha kipaza sauti, na kusema polepole hadi watu wasogee wamsikie: "Ninapoongea na nyinyi hapa, baba yangu mzazi anaungua."

Hakuwa akicheza na watu. Alisema alichoamini.

Mzee Obuya alikuwa fundi wa baiskeli sokoni huko Butere. Alikuwa mtu wa mzaha, asiyempiga mtoto, na mlevi. Lazarus alipokuwa na miaka kumi na sita, wanaume saba walikunywa chang'aa iliyotiwa dawa mbaya, na wanne wakafa. Baba yake alikuwa wa mwisho katika hao wanne. Alilala siku mbili kwenye zahanati, macho yameshapofuka. Mhubiri mmoja aliyezoea kuzuru wagonjwa alimwinamia, akamsihi atubu, hata kwa kuinua kidole tu kama ulimi umekuwa mzito. Mzee Obuya akageuka, akaupa mgongo mkutano mzima, akaelekea ukutani. Lazarus alikuwa amesimama mlangoni, akaona. Asubuhi yake baba akafa.

Mwaka uleule Lazarus akaokoka. Mgongo ule ndio uliomwokoa. Kila alipofumba macho aliuona, na nyuma yake akaona moto. Alipokuja Nairobi kutafuta kazi alianza kuwaambia watu wa bustani, ili angalau kifo kile kiwe na faida kwa mtu.

Mama yake, Rael, alibaki nyumbani Butere na hakujua lolote kuhusu sentensi ile.

Mwaka jana, mwezi wa pili, Rael aliletwa Nairobi na saratani ya koo. Ugali ulikuwa umemshinda, wali umemshinda, akabaki na uji. Kwa kuwa kwa mila yao mama hawezi kulala nyumbani kwa mwanawe aliyeoa, Lazarus alimkodishia chumba cha pili kwenye ploti ileile waliyopanga kule Waithaka, mlango kwa mlango. Daktari akaamuru achomwe kwa mionzi mara ishirini na tano. Valarie, mke wa Lazarus na mama wa mtoto wao Ivyne, anayefanya kazi za nyumba kwa familia moja Kileleshwa, aliomba ruhusa siku kwa siku ili ampeleke mama mkwe hospitalini.

Siku ya mwisho ya kuchomwa ilikuwa Alhamisi. Walitoka hospitalini mapema, na walipofika mjini kubadilisha gari, Valarie akapata wazo.

"Mama, hujawahi kumsikia Baba Ivyne akihubiri. Ni hapa tu karibu. Twende umsikie, kisha atusindikize hadi stegi ya matatu."

Rael alifurahi. Alijifunga upya kitambaa chake cheupe cha akina mama wa kanisa. Wakaketi kwenye benchi nyuma ya watu, na Lazarus hakuwaona. Siku hiyo alikuwa na nguvu. Alieleza kiu ya huko, kiu isiyoisha. Kisha akashusha kipaza sauti, akasema alichokuwa akisema siku zote, na akaongeza: "Namjua kwa sauti. Wakati mwingine namsikia akiniita."

Valarie alihisi mkono wa mama mkwe wake ukiacha kushika wake.

Mahubiri yalipokwisha na watu kutawanyika, Lazarus aliona kile kitambaa cheupe. "Mama!" akasema, akija mbio.

"Nipelekeni nyumbani," Rael akasema. Valarie akampeleka, Lazarus akarudi kazini.

Jioni, Lazarus alipotoka kazini, alimkuta ameketi kitandani akimngoja. Valarie alikuwa mlangoni na bakuli la uji ambalo halikuguswa.

"Keti," Rael akamwambia. "Miaka yote hiyo unawaambia watu hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Watu usiowajua hata majina."

"Ni ushuhuda, mama. Kuna watu wameokoka kwa sababu yake."

"Na una hakika yuko huko?"

"Neno liko wazi. Mtu akifa kabla hajatubu..."

"Sijauliza Neno. Nimekuuliza wewe, Lazarus."

Lazarus akatazama viatu vyake. "Nilimwona akigeuka. Nilikuwa pale."

"Najua ulikuwa pale. Ndiyo maana aligeuka."

Sauti ya Rael ilikuwa imeharibika kwa ile mionzi, ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya gunia, na ilibidi Lazarus ainame.

"Baba yako alikuwa amejiharibia kitandani. Haoni, lakini alikusikia ukikohoa mlangoni. Akaniambia, mtoe kijana asinione hivi. Nikakutuma maji, hukwenda. Ukabaki umesimama tu. Halafu yule mtu wa kanisa akaja na watu wake, wakamzunguka, wakafunua shuka wamshike mkono. Mahali pa kujificha palikuwa ukutani tu. Hakumpa Mungu mgongo. Alikupa wewe."

Lazarus alikumbuka ndoo aliyopewa akachote maji. Kwa miaka thelathini hakuwahi kuikumbuka, na sasa aliiona waziwazi, ya bluu, imewekwa karibu na mguu wake, nayo tupu.

"Sasa alitubu, mama? Baadaye? Usiku huo?"

"Sijui alisema nini na Mungu wake akitazama ukuta. Wewe unajua?"

Lazarus akarudi kutazama viatu vyake.

"Mimi wamenichoma hili koo mara ishirini na tano," Rael akaendelea. "Najua kuungua. Lakini daktari ananichoma nipone. Huyo baba yako anachomwa apone nini?"

Jibu lilikuwepo. Lazarus alikuwa amelitoa mara mia, kuhusu haki na utakatifu na mshahara wa dhambi, na waliomuuliza bustanini waliondoka wamenyamaza. Aliangalia shingo ya mama yake, ngozi iliyobambuka na kuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, na jibu likakataa kutoka.

"Ndugu zake walitaka kunirithi nikakataa," Rael akasema. "Mimi mama yako nilikuwa bado kijana, wajua? Nikasema nina mume, ametangulia tu, namwendea. Kila kesha, kila mfungo, nilikuwa namwendea yeye. Sasa kama umeshajua yuko motoni, basi usiniombee niende kwingine."

"Mama, usiseme maneno hayo!"

"Nikakae mbinguni nafanya nini? Niwe nasikia akikuita?"

Kuanzia hapo Rael aliacha kuomba. Hakugombana na mtu. Akina mama wa kanisa walipokuja kumwona aliwapokea vizuri, akawauliza habari za watoto wao, na walipofumba macho kuomba, yeye yake aliyaacha wazi akitazama mabati. Mchungaji Kitavi wa kanisa la Lazarus alipomletea meza ya Bwana, alisema koo halipitishi. Ilikuwa kweli na haikuwa kweli, kwa maana dakika chache baadaye Valarie alimnywesha vijiko vinne vya uji.

Lazarus aliogopa kama hajawahi kuogopa. Mwanamke aliyemfundisha kuomba alikuwa akienda mahali pale kwa hiari yake, na aliyemwonyesha njia ni yeye mwenyewe. Jumamosi moja akamfuata Mchungaji Kitavi kanisani, akamkuta akipanga viti vya plastiki.

"Mchungaji, nikimwambia tu kwamba baba yuko mbinguni? Ili aombe?"

"Utamwingiza mama yako mbinguni kwa uongo?"

"Pengine si uongo. Pengine alitubu kimoyomoyo."

"Ndugu Lazarus, wewe umefundisha watu miaka ngapi? Ukimtoa baba yako motoni leo, kesho kila mtu wa kanisa hili atakuja kumtoa wake. Mafundisho yatabaki na nini?"

Lazarus akaanza kumsaidia kupanga viti. Walipofika safu ya mwisho, Kitavi alisema bila kumtazama, "Mimi nina ndugu yangu. Alijinyonga kule Mwingi. Sijawahi kumtaja madhabahuni, hata siku moja." Kisha akazima taa za madhabahu, wakatoka.

Kufikia mwezi wa nane, uji ulikuwa hauendi tena. Ikawa maji, kwa kijiko, na mengi yalirudi. Hospitali ikasema akae nyumbani. Jumapili moja baada ya ibada, Lazarus aliingia chumbani kwa mama yake akiwa ameshaamua. Alijikaza, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, nimekuja kukuambia. Baba yuko mbinguni."

Rael akamgeukia. Macho yake yalikuwa makubwa usoni. "Umeonyeshwa, ama umeamua?"

Alitaka kusema ameonyeshwa. Wangapi hawasemi hivyo kila siku, tena kwa kipaza sauti? Mdomo ulifunguka, lakini kilichotoka kilikuwa kilio, kile kibaya cha mwanaume mzima, cha kamasi na mabega.

"Sijui, mama. Sijui aliko. Sikujua hata siku moja."

Rael aliuweka mkono wake mwepesi juu ya goti la mwanawe. "Afadhali hiyo," akasema. "Mtu anaweza kufa na hiyo."

"Basi omba, mama. Hata kidogo. Hata jina tu."

"Nitaona," akasema, akafumba macho kupumzika. Hawakulizungumza tena.

Alifariki Jumatano iliyofuata, yapata saa nne asubuhi. Lazarus alikuwa kwenye foleni ya masijala ya mahakama na bahasha tatu za kesi ya ardhi, simu ameizima kwa sababu karani wa dirisha lile hapendi simu. Alipoiwasha alikuta Valarie amepiga mara tisa. Alizipeleka bahasha kwanza, zikapigwa mihuri. Baadaye hakuweza kujieleza kwa nini alifanya hivyo.

Alipofika Waithaka, mama alikuwa ameshafunikwa. Aliuliza swali moja tu.

"Aliomba?"

Valarie angeweza kumdanganya. Alifikiria kufanya hivyo, kama alivyokiri mwenyewe baadaye. Lakini alikuwa ameishi na mtu yule miaka ishirini na alijua angemuuliza tena na tena, hadi uongo uchanike.

"Midomo ilikuwa inacheza, Baba Ivyne. Niliweka sikio karibu, sikusikia. Inaweza kuwa alikuwa anaomba. Inaweza kuwa alitaka maji."

Walimzika Butere, kando ya Mzee Obuya, ambaye kaburi lake lilikuwa limezama likawa sawa na nyasi, hata ikabidi wazee wabishane lilipoishia. Mhubiri alisema mama Rael amepumzika mikononi mwa Bwana. Watu wakasema amina. Hakuna aliyemtaja aliyelala ubavuni mwake.

Jumatatu ya pili Lazarus alirudi bustanini. Wasikilizaji wake walikuwepo, wengine wakampa pole. Alianza vizuri. Alipofika mahali pa kunyamaza, alinyamaza, akashusha kipaza sauti, watu wakasogea. Akabaki hivyo. Kijana mmoja aliyevaa suti akasema, "Endelea basi, mhubiri." Mwingine akaangalia saa. Lazarus akasema kwa sauti ya kawaida, "Nisameheni," akakunja waya.

Kipaza sauti alimpa Munyiva, dada wa wokovu aliyekuwa akihubiri hatua chache kutoka kwake, ambaye chake kilikuwa kikikwaruza. Siku hizi saa saba hula chapati na maharagwe kwenye kibanda nyuma ya ofisi. Wenzake walishangaa wiki ya kwanza, kisha wakazoea.

Asidhani mtu kwamba Lazarus aliacha kuamini moto. Anauamini kuliko zamani. Zamani ulikuwa na mtu mmoja anayemjua, tena mtu ambaye alikuwa ameshamkasirikia. Sasa hajui una wangapi, na hawezi kumkasirikia yeyote. Amekonda. Anakwenda kanisani kila Jumapili na kuketi viti vya nyuma, na Mchungaji Kitavi hajamwomba ahubiri tena.

Katika kanisa lao wafu hawaombewi. Aliyekwenda amekwenda, na kumtaja mbele za Mungu kunahesabiwa kuwa mambo ya gizani. Lazarus amefundisha hivyo yeye mwenyewe. Asubuhi moja mwezi wa kumi na moja, Valarie alikuwa akiwasha jiko, naye Lazarus amepiga magoti upande wa pili wa pazia, akiomba kwa sauti ya chini kabla ya kwenda kazini. Alimsikia akimtaja Ivyne na mitihani yake, akamtaja Valarie, akaitaja familia ya Kileleshwa. Kisha kukawa kimya. Valarie alidhani amemaliza, akanyanyua vikombe.

"Na wale wawili," Lazarus akasema.

Alibaki amepiga magoti. Hakusema anawaombea nini. Valarie aliviweka vikombe chini taratibu, visilie, akasubiri.