Kijiti cha Chungwa

Miaka ya hamsini, nilipokuwa nikifundisha sayansi Kisarawe, vifaa vyangu vya maabara vilitoka sokoni na jikoni. Taa ya chemli ilikuwa jua. Chungwa lilikuwa dunia, nami nililipitishia kijiti cha chelewa, kama zile za fagio, ili nipate pa kushika nikilizungusha. Wanafunzi walifurahi, nami kichwa kikanivimba. Nilijiona mwalimu hasa.

Mwaka mmoja tulipewa nafasi moja tu ya kupeleka mwanafunzi shule ya sekondari. Wawili walikuwa wamelingana, mvulana na msichana, na lililobaki kuwatenganisha ni jaribio langu la sayansi: chora dunia, kisha eleza usiku na mchana.

Darasa zima lilichora kijiti kikitokeza juu na chini. Yule mvulana alitia hata vitobo vya ganda. Nikawapa vema wote. Msichana, binti wa mkulima wa Mzenga, alichora duara tupu. Maelezo yake yalikuwa safi kuliko ya wote, lakini kijiti hakikuwapo. Nikamkata alama, nafasi ikaenda kwa mwenzake.

Kesho yake asubuhi akaja ofisini, karatasi mkononi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Una nini?”

“Naomba kuuliza, mwalimu. Nimekosa wapi?”

“Kijiti kiko wapi? Wiki nzima nafundisha, wewe ulikuwa unatazama nini?”

Akainamisha macho. “Kile si cha kushikia tu, mwalimu? Nilidhani dunia yenyewe haina.”

Nikalitazama tena lile duara tupu. Wenzake walikuwa wamelijua chungwa langu barabara. Yeye peke yake ndiye aliyeielewa dunia. Jaribio langu lilikuwa limepima macho, akili likaiacha. Niliona aibu, na siku zile aibu yangu ilikuwa haichelewi kugeuka hasira. Mimi nikiri kosa mbele ya mtoto, darasa zima lijue kabla ya kengele ya mapumziko?

“Majina yameshakwenda,” nikamwambia. “Maji yakimwagika hayazoleki.”

“Haya, mwalimu. Ahsante.” Akatoka, akaurudisha mlango taratibu asinisumbue.

Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, na hili sijapata kumwambia mtu. Majina hayakuwa yamekwenda. Karatasi ya majina ilikuwa pale pale mezani, baina yake na mimi, nimeikandamiza kwa chungwa.