Noti Isiyonyamaza

Masomo yenyewe ni mafupi, hayafiki muda wa kuchemsha chai. Niliyapata nikitafuta kitu kingine. Redio ninayofanyia kazi mjini Singida husoma matangazo ya vifo kila jioni, na mhariri alikuwa amechoshwa na muziki tuliokuwa tukiuweka chini ya sauti ya msomaji. Akanituma nimtafutie piano, "kitu cha utulivu, kisicho na maneno." Katika kutafuta mtandaoni nikakutana na mwanamke wa Ulaya mwenye mvi anayefundisha watu kusikiliza. Hafundishi kupiga. Kamera inaonyesha mikono yake tu. Anapiga kipande kidogo, anasimama, anaeleza ulichosikia, kisha anarudia ili usikie tena.

Muziki anaoufundisha unaitwa wa impresheni. Sehemu kubwa ilitungwa Ufaransa, miaka mia na zaidi iliyopita, na watu waliotaka piano ionyeshe mwanga juu ya maji, au ukungu, au kengele ya mbali, bila kusimulia kisa chenye mwanzo na mwisho. Yote hayo nimeyajua kutoka kwake.

Mke wangu ni mwalimu wa kwaya katika kanisa letu hapa Utemini, na mchana hushona nguo sebuleni. Siku nilipofungua somo la kwanza alikuwa anapinda sketi ya sare ya shule. Alisimamisha cherehani.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha.

"Sasa do iko wapi hapo?"

Kwaya zetu huimba kwa do-re-mi. Mwalimu hutoa sauti, kila mtu anajua do yake iko wapi, na wimbo hata ukizunguka vipi mwishoni hurudi hapo. Muziki ule haukurudi popote. Kumbe mwalimu wa kwenye simu alikuwa anaeleza jambo hilohilo kwa Kiingereza: mtunzi amezipanga noti kwa hatua zilizo sawa, kwa hiyo hakuna noti iliyo mkubwa wa wenzake. Nikamfasiria mke wangu.

"Mtu huyu angekuwa kwenye kwaya yangu ningemrudisha kwa wanaojifunza," alisema. Lakini cherehani hakuiwasha.

Tangu hapo tukawa tunasikiliza somo moja kila jioni kabla ya kula, simu ikiwa imeegemezwa kwenye bakuli na kuunganishwa na spika ndogo. Nilidhani atachoka upesi. Hakuchoka. Mtu asiyevumilia alto aliyechelewa kidogo kuingia alikaa ametulia mbele ya nyimbo ambazo, kwa hesabu yake, hazikuwa na kichwa wala miguu.

Kazi yangu imenizoesha kuangalia kinachobadilika, na jambo moja lilikuwa limebadilika. Kwaya ilikuwa imeacha kuimba na kinanda. Mke wangu alisema kinanda kinawalemaza waimbaji, waache kukitegemea. Watu wakakubali, maana ni mwalimu wao wa miaka mingi. Mimi pia nilikubali. Sikufikiria kwamba bila kinanda, do iko pale mwalimu anapoiweka. Akiiweka juu kidogo au chini kidogo, kwaya inamfuata, na hakuna awezaye kusema amekosea. Kinanda kikiwepo, do ni moja tu.

Siku moja somo lilikuwa la tabaka. Mwalimu alisema katika kipande kile kuna sauti za aina tatu zinazokwenda pamoja: chini kabisa kama kengele kubwa, katikati sauti nzito zinazotembea taratibu, na juu noti ndogondogo kama matone yanayodondoka kutoka kwenye bati baada ya mvua. Akasema kila ukisikia tone, gonga meza.

Nikagonga. Mke wangu hakugonga.

"Huchezi?"

"Nangoja hayo matone."

"Mbona yameshapita."

Akacheka, akidhani namtania. Nikarudisha. Nikagonga meza, na safari hii nilikuwa namtazama usoni. Alikuwa anasikiliza kwa nguvu zake zote. Mkono wake haukuinuka. Kisha akageuza kichwa, sikio la kushoto likawa upande wa spika, na hapo akaanza kugonga, mahali hasa palipotakiwa. Akageuka tena, sikio la kulia likaelekea spika. Mkono ukasimama.

"Zima," alisema.

Nikazima. Ndipo akaniambia. Tangu homa iliyomlaza msimu wa mvua uliopita, sikio la kulia lina mlio mwembamba usiokoma, kama mbu aliyenaswa kwenye chandarua. Noti za juu upande huo hazipiti. Zile zinazopita hazilingani na anazosikia upande wa pili.

"Kila sikio lina do yake," alisema. "Nikitoa sauti, nachagua mojawapo."

"Twende hospitali."

"Nikienda nitajua. Nikijua nitalazimika kuwaambia. Nikiwaambia, kwaya sina."

"Labda kuna dawa."

"Na labda hakuna." Akachukua sketi yake. "Na wewe hapa ndani si redio. Hii siyo habari."

Wiki zile ndipo lilipokuja tangazo kwamba kwaya za jimbo zitakutana Ikungi, na kwamba kila kwaya itaimba wimbo mmoja wa lazima, kwa kinanda. Mke wangu alilisikia kanisani kama sisi wengine. Nilimwona akifunga kitabu chake cha nyimbo kabla tangazo halijaisha.

Jumamosi ya mazoezi upepo ulikuwa unavuta bati la kanisa kana kwamba unataka kuondoka nalo. Kwa kawaida mimi humsubiri nje. Siku hiyo niliingia, nikakaa benchi la mwisho. Kiongozi wa soprano, mama anayeuza dagaa sokoni na mwenye sauti ya kufika stendi, aliniona.

"Mwandishi, leo umekuja kutuandika?"

"Nimekuja kusikiliza tu, mama."

"Basi kiingilio ni soda za soprano. Besi wanywe maji."

Mpiga kinanda ni fundi umeme, mtu mzima, mpole. Kinanda ni mali yake mwenyewe. Alikuwa amekileta nyuma ya pikipiki, kimefungwa kwa khanga ya mkewe ili kisiingie vumbi. Akakichomeka kwenye umeme, akajaribu sauti chache, akamtazama mke wangu kungoja ishara.

Mke wangu akatoa sauti. Kwaya ikaidaka. Kinanda kikaingia, na kanisa zima likasikika kama nyumba mbili zinazogombana ukuta kwa ukuta.

Akasimamisha. Akatoa sauti upya. Ikawa vilevile.

"Mwalimu, sisi tumepanda mlima, kinanda kimebaki bondeni," alisema mama wa soprano. Watu wakacheka.

Nilisubiri wamgeukie mke wangu. Wote waligeuka kumtazama fundi.

"Umebonyeza nini huko?" aliuliza kiongozi wa besi, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache.

Kinanda cha umeme kina kitufe cha kupandisha na kushusha noti zote kwa pamoja; kikiwa sifuri, do iko mahali pake. Fundi aliinama akakiangalia. "Kiko sifuri," alisema.

"Sifuri gani hiyo inayotupigia kelele?"

"Labda kimeingia vumbi," mwingine akasema.

Fundi akaangalia tena. Jasho lilikuwa linamtoka. Mikono ya mke wangu ilikuwa bado iko juu, imebaki palepale alipoisimamisha. Nilimwona akimtazama fundi, kisha kwaya, kisha fundi tena. Kama angesema, ilikuwa ni wakati ule.

"Kakiangalie nyumbani," alisema. "Leo tuimbe bila kinanda."

Fundi alichomoa waya, akakunja khanga juu ya kinanda chake na kukifunga. Alipopita karibu na mke wangu akasimama.

"Samahani, Mwalimu," alisema.

Tulirudi nyumbani. Alisonga ugali wa mtama, akapakua mlenda, akafunika. Halafu mwenyewe akaegemeza simu kwenye bakuli.

Somo lilikuwa la kipande cha taratibu, sauti nzito zikisogea sambamba kama ng'ombe wanaotoka kunywa maji, hakuna anayewahi. Alisikiliza sikio la kulia likiwa kwenye spika, lile bovu. Sikuuliza.

"Unajua kwa nini nayapenda haya?" alisema. "Kwenye nyimbo zetu huu mlio unaniharibia. Nikisikiliza do-mi-so, unakatiza kama mtu asiye na adabu. Hapa unakaa. Kama vile mtunzi aliuandika."

Siku zote hizo nilikuwa nimehesabu asichosikia. Sikuwa nimemuuliza anasikia nini.

Alizima kabla mwalimu hajamaliza kueleza.

"Yule baba saa hizi amekifungua kinanda chake kwa bisibisi," alisema.

"Bila shaka."

"Na hataona kitu."

"Hataona."

Akasema jambo kwa Kinyaturu, la kujisema mwenyewe, ambalo si langu kulifasiri. Kisha akafunua chakula. "Jumatatu twende hospitali."

Kipimo kilifanyika katika chumba kidogo chenye kioo. Mpimaji, binti wa rika la watoto wetu, alituamkia shikamoo, akamvalisha mke wangu vifaa vya masikioni na kumpa kitufe. Akisikia sauti, hata ndogo vipi, abonyeze. Mimi nilisimama nyuma ya mpimaji. Kila alipotuma sauti, taa ndogo iliwaka kwenye mashine yake. Sikio la kushoto: taa, kitufe, taa, kitufe. Nikaanza kupumua.

Sikio la kulia: taa. Taa. Taa.

Kidole gumba cha mke wangu kilikuwa juu ya kitufe, hakisogei. Alikuwa anatutazama kupitia kioo, macho yakitoka kwa mpimaji yakija kwangu.

"Baba, usimtazame," binti alisema kwa upole. "Atabahatisha."

Nikageukia ukuta. Nilibaki nasikiliza kama kitufe kinabonyezwa. Kilibonyezwa mara chache, zote zikiwa za sauti za chini.

Binti alituambia moja kwa moja. Huenda ni ile homa, huenda ni dawa, huenda ni vyote viwili. Sikio la kushoto ni zima na inabidi litunzwe. Kwa sikio la kulia, sauti za juu hazitarudi.

Mke wangu aliuliza swali moja. "Naweza kutoa sauti?"

"Sauti gani, mama?"

"Ya kwaya. Ya kuanzia wimbo."

Binti akafikiri. "Kwa kubahatisha, ndiyo. Kwa uhakika, hapana."

Jumamosi iliyofuata fundi alikuja na kinanda chake. Alikuwa amekifungua chote, amekipuliza, amekifunga, na hakuona kasoro. Alikuwa anaanza kulieleza hilo kwa aibu mke wangu aliposimama mbele ya kwaya, hata kabla ya sala ya kufungua.

"Kinanda hakina ubaya wowote," alisema. "Wiki iliyopita aliyekosea ni mimi. Sikio langu la kulia limeharibika. Baba, nilikuacha ukabeba lawama yangu mbele ya watu. Nisamehe."

Fundi aliinamisha kichwa, akaanza kufungua khanga. Bati liligonga.

"Sasa Ikungi nani atatuongoza?" aliuliza kiongozi wa besi.

"Hilo ndilo nimekuja kuwauliza."

"Kwani na mikono nayo imeugua?" alidakia mama wa soprano.

"Mikono mizima."

"Basi. Tumeshamaliza."

"Hatujamaliza," alisema kiongozi wa besi. Hakuwa na hasira. "Kinanda kitatoa sauti, sawa. Katikati ya wimbo kwaya ikishuka, atajuaje?"

Ndilo swali nililokuwa nikiliogopa, maana ni la haki. Kwaya ikichoka hushuka, na anayeongoza ndiye wa kuipandisha. Mke wangu alimgeukia mama wa soprano, ambaye miaka yote wamekuwa wakigombana juu ya nani anavuta noti kupita kiasi.

"Ukisikia tunashuka, inua kitabu. Usiseme. Inua tu."

"Mimi? Mbele ya jimbo zima, nimwonyeshe Mwalimu kwamba tumeshuka?"

"Wewe."

"Kuinua naweza. Kutosema ndiyo kazi."

Watu walicheka, wakanyamaza upesi. Kiongozi wa besi hakucheka. "Tujaribu," alisema. "Ikishindikana leo, tuseme leo."

Kinanda kikatoa sauti. Mke wangu akainua mikono.

Ubeti wa kwanza ulipita salama. Wa pili nao. Katika ubeti wa tatu, pale alto wanapobaki peke yao na kinanda kinanyamaza kidogo, niliwasikia wakianza kuteleza. Ilikuwa kidogo sana. Nikamtazama mke wangu. Uso wake ulikuwa umetulia, mikono ikienda kama kawaida. Hakuwa amesikia. Alto wakazidi kuteleza, na kinanda kilikuwa karibu kurudi. Nilijikuta nimesimama nusu kutoka kwenye benchi.

Hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama mama wa soprano, ambaye alikuwa ameinua kitabu hadi usawa wa kidevu, midomo imebana kwa juhudi ya kutosema. Mke wangu akageuza kiganja, akakipandisha polepole, kama mtu anayeinua kikombe kilichojaa. Alto wakapanda. Kinanda kikaingia, kikawakuta palepale.

Wimbo ulipoisha kila mtu alimtazama kiongozi wa besi. Alikuwa amefungua kitabu chake, kidole kikitembea juu ya mistari.

"Ubeti wa pili besi tumechelewa kuingia," alisema. "Turudie."