Mama Alipokataa Chumba cha Familia

Nilikodi chumba cha familia makusudi. Nalisema hili mapema kwa sababu kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba vyumba vingine vilikuwa vimejaa.

Mama alikuwa ameteleza uani kwake akiwa na ndoo ya maji, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Tangu baba afariki anaishi peke yake kijijini, na tangu hapo mimi nilikuwa namsihi ahamie kwetu Geita. Jibu lake halikubadilika: hawezi kuishi nyumba moja na mkwe. Kwetu Wasukuma, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na mmoja hatakiwi kuona kitanda cha mwenzake. Nililijua hilo tangu utoto, lakini niliona limepitwa na wakati, hasa kwa mama wa miaka sabini na mkono mmoja.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nimezoea kwamba jambo likielezwa linaeleweka, na lisipoeleweka linaelezwa tena kwa sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo daktari wa Shinyanga alipomfunga mama hogo, ile plasta ngumu, akasema tumrudishe keshokutwa autazame tena mkono, nikaona Mungu amenipa nafasi. Tutalala hotelini siku mbili, sisi watatu: mama, mume wangu na mimi. Akishalala chini ya paa moja na mkwe wake na mbingu zisianguke, hoja yake itakuwa imekwisha.

Mji aliuchagua yeye. Hakutaka Shinyanga ya sasa na kelele zake, alitaka ule mji wa zamani, ulioachwa nyuma Shinyanga ilipohama kufuata reli. Babu alikuwa akiuza pamba huko. Tukapata hoteli kando ya barabara, ya ghorofa moja, yenye baraza ndefu na nguzo nene zilizopakwa chokaa. Malori yakipita, vikombe mezani vinatikisika. Mhudumu wa mapokezi akanionyesha chumba cha familia: vyumba viwili vyenye mlango mmoja wa kuingilia, na bafu katikati.

Mama aliingia, akatazama huku na huku. Mume wangu alikuwa ametangulia na mizigo, na taulo lake alikuwa ameshalitundika kwenye mlango wa bafu. Mama aliliona lile taulo, akageuka, akatoka. Nilimkuta kwenye benchi la barazani amepakata mkoba wake kama abiria anayesubiri basi.

"Mama, ni taulo tu!" nikasema.

Nikamweleza kwamba tuko karne nyingine, kwamba mkono wake unahitaji mtu karibu, kwamba nimeomba ruhusa kazini kwa ajili yake. Mhudumu akajifanya anahesabu funguo. Mume wangu akatoka na begi lake na lile taulo, akanipita, akaviweka kwenye gari. Usiku ule alilala humo humo, viti vimelazwa, chumba akatuachia mimi na mama. Nilimkasirikia kuliko mama. Nilimwona msaliti.

Asubuhi niliamka na hasira zangu zikiwa nzima kabisa. Nikampita mhudumu mapokezi, nikamsalimia, nikamuuliza habari za watoto. Kisha nikaenda kwa mama. "Umekunywa dawa?" nikamuuliza. "Huo mkono mbona umeushusha? Si daktari alisema uinuke?" Akauinua.

Tulishinda siku ile tukitembea mjini, kama unaweza kuuita mji. Ni barabara moja ya vumbi yenye maduka ya zamani ya Wahindi, mengine yamefungwa miaka mingi, mengine yana tarehe ya kujengwa juu ya mlango ambayo mvua imeila nusu. Mama alisimama mbele ya moja linalouza vipuri vya pikipiki. Akasema hapo ndipo babu alipomnunulia kanga yake ya kwanza baada ya mavuno, na kwamba muuzaji, mzee wa Kihindi, alimsemesha Kisukuma kizuri kuliko cha mjomba wake. Alicheka. Nikamwambia asisimame juani.

Mume wangu alikuwa akitangulia hatua nyingi mbele. Nilidhani anatukimbia. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba kila penye jiwe au mfereji alisimama, akalisogeza jiwe kwa mguu au akatafuta ubao wa kuvukia, kisha akaendelea bila kugeuka nyuma. Chakula cha mchana alikula meza ya pembeni, uso barabarani, mgongo kwetu. Sahani ya mama ilipoletwa, nyama ilikuwa imeshakatwa vipande vidogo vidogo. Nikamsifu mpishi kwa kuwaza mbali. Mpishi akaonyesha kwa kidevu ule mgongo wa meza ya pembeni. Mama alikula kwa mkono wa kushoto taratibu, na kila punje ya wali iliyodondoka mimi niliiokota kabla haijatulia.

"Acha," akasema mama. "Nitaiokota."

"Utaiokotaje na hilo hogo?"

Akaacha kula. Akatoa kwenye mkoba michembe aliyobeba kutoka nyumbani, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akawa anatafuna kidogo kidogo akitazama malori. Nilijua amenuna, ila nilidhani bado ni lile taulo.

Asubuhi ya pili niliamka mapema kwenda jikoni kumwombea mama maji ya moto. Niliporudi na ndoo nikasikia sauti upande wa barazani, nikasimama ndani ya korido. Mama alikuwa kwenye benchi lake. Mume wangu alikuwa chini ya baraza, anafuta vioo vya gari, amempa mgongo. Kati yao kulikuwa na nguzo. Hawakutazamana hata mara moja, na walikuwa wanazungumza vizuri kuliko nilivyowahi kuzungumza na yeyote kati yao.

"Kile chumba cha uani kwetu Geita kina mlango wake, mayu," alisema mume wangu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nitakujengea na choo chako. Hatutapishana."

"Najua, baba. Kwako sina wasiwasi hata kidogo."

Kitambaa kikaacha kusugua. "Sasa tatizo ni nini, mayu?"

Mama alisubiri lori lipite na vumbi lake litue.

"Yule mwenzio ananisemesha kama mwanafunzi aliyechelewa paredi. Kwangu nikianguka, naanguka, nainuka. Kwake nikianguka nitasemwa. Sasa mtu atawaambiaje watu kwamba anamwogopa binti yake? Kusema mila ya mkwe ni rahisi, kila mtu anaelewa."

"Ana roho nzuri, mayu."

"Nimemzaa mimi, roho yake naijua. Lakini sitakaa na roho, baba. Nitakaa na mdomo."

Ndoo ilikuwa inaniunguza mguu na sikuisogeza. Kwanza nilipandwa na hasira, kama kawaida yangu. Nilitaka kutoka nimhesabie yote: safari, ruhusa, daktari, wali niliouokota. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Halafu nikajaribu kukumbuka, kwa ajili ya kujitetea, jambo zuri nililomwambia mama tangu tufike. Nikamkumbuka mhudumu na habari za watoto wake. Mama yangu sikuwa nimemsalimia. Siku mbili nzima, na kama nitasema kweli, huenda ni miaka. Nilikuwa naanza na dawa, na simu, na kwa nini. Aibu ilinishika hadi masikioni.

Nikatua ndoo. Nikatoka barazani, nikapiga goti mbele ya lile benchi, kwenye saruji yenye mchanga, kama nilivyofundishwa kabla sijajua kusoma, jambo nililoliacha nilipopata mshahara.

"Mwangaluka, mayu," nikasema. Umeamkaje, mama.

Alinitazama, akamtazama mume wangu, mgongo ule, kana kwamba yeye ndiye aliyenituma. Kisha akaitikia salamu yangu yote, neno kwa neno, na mwisho akasema maji yatapoa.

Daktari alisema mkono unaunga vizuri. Kwenye njia panda mume wangu alisimamisha gari, na akiwa bado anatazama mbele akauliza, "Wapi, mayu?" Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

"Kijijini," mama akasema. "Binti wa jirani atanichotea maji. Nione kwanza kama hilo goti litafika mpaka Geita."

Nililia njia nzima, nikiangalia dirishani wasinione, nao wote wawili walikuwa na adabu ya kutokuniona.

Sasa kila asubuhi nampigia simu. Namsalimia, kisha nanyamaza mpaka aseme yeye. Mwanzoni ukimya ulikuwa mrefu na niliuma kidole nisiulize habari za dawa. Siku hizi ananisimulia kuku, mvua, na kuteleza kwake kwingine kudogo ambako zamani angenificha. Choo cha uani kimekwisha, mume wangu kakijenga bila kuulizwa na mtu. Mimi sijamwambia mama neno juu ya kuhama.

Jana, baada ya kuku, akaniuliza kama kile chumba kinapata jua la asubuhi.

Nilikuwa na maneno mengi. Nikasema, "Kinapata, mayu," nikasubiri.