Mtumishi Mwenye Sentensi Tatu

Nakumbuka Jumamosi moja mchana, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika ukumbi wa jumuiya yetu ya Waswahili huku ughaibuni, pale Barking. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kiburi kilinijaa mpaka kooni. Vijana tulikuwa tukiigiza mchezo wa harusi. Nilitaka niwe bwana harusi. Nikapewa nafasi ya mtumishi wa hoteli, mwenye sentensi tatu tu.

Niliona nimetukanwa. Mazoezi niliyakwepa, na Jumamosi ile ya mchezo, Rehema, aliyekuwa bi harusi, aliposimama jukwaani akingoja nimletee barua, mimi nilikuwa nje napiga soga. Akangoja. Watu wakaguna, kisha wakaanza kumcheka, akatoka mbio akilia. Mdharau mwiba, mguu huota tende, walisema wahenga. Ila siku ile mguu uliovimba haukuwa wangu.

Ami yangu, Ami Suleiman, alikuwa safu ya mbele. Unguja alikuwa akiendesha mashine ya sinema kabla ya kukimbilia huku, na filamu moja huenda aliiona mara hamsini. Hakunigombeza pale. Kesho yake aliniita kwake, akaweka mkanda wa video: filamu ya Hollywood, nyeusi na nyeupe, ya zama zile sinema ndiyo kwanza zimeanza kusema.

"Usimtazame staa," akaniambia. "Mtazame huyo bawabu."

Alikuwa mtu mnene, mashavu yameporomoka. Staa analia, mumewe kamwacha. Bawabu kashika mlango, anasikiliza. Midomo inataka kusema neno, inaghairi. Mwishowe anasema: "Mvua imeanza, bibi." Basi. Nikarudisha mkanda nyuma, nikamtazama tena.

"Anaitwa nani, Ami?"

"Sijui. Majina yao mara nyingi hayaandikwi. Lakini huyu nimemwona katika filamu ishirini: leo bawabu, kesho karani, keshokutwa hakimu. Na kila mara staa akimhitaji, yupo. Wewe umepewa sentensi tatu ukaziona chache, na hizo chache hukuzileta! Nenda kamtake radhi yule msichana."

Nilikwenda. Rehema aliniacha nimesimama kizingitini mpaka nikamaliza kuomba.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini next week tukirudia, wewe njoo tu on time."

Tuliporudia mchezo, niliingia kwa wakati. Kabla sijampa barua nilimsikiliza kwa uso mzima, kama nilivyomwona yule bawabu. Ukumbi ukatulia tuli. Mabibi wakafuta machozi kwa ncha za mitandio, wote macho kwa Rehema, wala hakuna aliyenitazama mimi. Wallahi, sijapata kuona fahari kama ile.

Tangu hapo, mwanangu, nimekuwa mkalimani hospitalini miaka mingi. Daktari ana lake, mgonjwa ana lake, nami katikati nabeba maneno yasiyo yangu. Jina langu hawalikumbuki, lakini maneno yamefika.

Basi nakuusia: usipime kazi kwa urefu wa maneno uliyopewa. Pima ni nani atakayeaibika usipotokea. Ukipewa nafasi ndogo, ingia kwa wakati, sikiliza, uijaze yote. Na ukimkosea mtu, nenda mwenyewe hadi mlangoni kwake.

Mola akupe uso wa kusikiliza, akujaalie watu watakaofika unapowangoja, na wewe akufanye mmoja wao. Amina.