Bureau ya Dubai Juu ya Depot ya Kahawa

Papa alirudi kutoka Dubai na picha tatu na kichaa kimoja. Picha zilikuwa za bureau ya biashara: vioo tangu chini mpaka juu, viti vya magurudumu, na mashini ya kupuliza baridi ndani ya nyumba. Kichaa kilikuwa hiki: alitaka bureau kama ile, hapa kwetu Butembo, katikati ya vita.

"Mashini ya baridi, papa?" nikamuuliza. "Butembo?"

Kwetu mutu anavaa tricot mbili za baridi mbele ya kutoka ku kitanda. Courant haiko, kila mutu na groupe yake ya kutoa umeme, na mazout ya groupe unaitafuta kama dawa. Mais papa akajibu: "Ni ya kisasa." Akisha kusema kisasa, mazungumzo yamekwisha, unaweza kwenda kulala.

Nyumba ilikuwepo. Ni depot ya kahawa, Mugiriki mumoja aliijenga wakati wa ukoloni wa Babeleji, na orofa ya mbao juu, kule walikuwa wanakausha kahawa na kupanga magunia. Kahawa ilisha kufa na ugonjwa, Mugiriki alisha kwenda kwao, na ku orofa walibaki popo na panya. Kusema kweli, katika muji muzima wao ndio walikuwa wanaishi vizuri.

Architecte wetu alikuwa kaka yangu mukubwa. Alikuwa Kampala "juu ya usalama", na masomo yake yalikuwa ya biashara, mais alikuwa mwanaume na alikuwa mbali, sifa mbili zenye papa alipenda sana. Alituma plan moja, karatasi ya kaye ya masomo, ngazi inapanda vizuri inafika ku ukuta. Papa akaionyesha jirani wote. Mimi, mutoto wa pili, binti, mwenye nilikuwa naandika facture za biashara yake tangu nitoke masomoni, akaniambia: "Wewe utaangalia-angalia chantier."

Kuangalia-angalia! Maana yake ilikuwa kutafuta mafundi, kugombana na mafundi, kufukuza popo wiki nzima na kitambaa ku pua, kuhamisha ngazi ya kaka isiue mutu, na kukataa wasing'oe sakafu ya libuyu ile ya Mugiriki, mbao nzito zenye zilikuwa zinangojea tu mutu azipige randa. Nilizipenda zile mbao. Siku fundi alitoboa paa na kutia kioo, mwangaza ukashuka pale chini, nikakaa juu ya kopo ya rangi, nikalia kidogo. Nikapangusa macho, nikaendelea kugombana.

Donc siku moja kisha misa nikamusimamisha papa mbele ya kanisa.

"Papa, siku ya kufungua bureau, utasema mbele ya batu wote kama hii kazi ni ya kwangu, na mimi njo nitaiongoza."

Akaniangalia kama vile mbuzi imemuomba kiti.

"Tutaona."

"Hapana tutaona. Utasema ao hautasema?"

Akatazama huku na huku, juu batu walikuwa wanapita wanamusalimia. "Nitasema," akasema. Basi. Neno hilo moja ndilo lilinifanyisha kazi miezi ile yote.

Sasa, kulikuwa na shida ndogo. Wakubwa wa vita waliokuwa wanatutawala wakati ule (jina lao siliandiki, wao wenyewe walikuwa wanalibadilisha mara nyingi kuliko mimi mashuka) walikuwa wanapenda sana nyumba za wengine. Komanda akifika kutoka Beni, hakuulizia adui yuko wapi. Aliulizia nyumba gani iko na choo ya ndani. Akiipata, anaikomboa. Mwenye nyumba ndiye wa kwanza kukombolewa, anajikuta inje na godoro ku kichwa.

Nikatoa sheria: ndani Dubai, inje taabu tupu. Manjanja ya paa yabaki na kutu. Madirisha ya barabarani yafungwe na mbao za zamani. Mupakaji rangi nikamuambia achafue ukuta wa mbele kidogo tena. Masikini, alijifunza kazi kwa mapadiri, miaka yake yote anasafisha kuta. Akaniuliza mara tatu kama niko muzima.

Vigae vya carreaux na vioo viliingia chini ya viazi. Ndiyo, viazi. Camion ilikuwa inapita Musienene, inapakia magunia ya viazi juu ya kila kitu, inafika kwetu mchana kweupe. Mais Butembo ukishusha viazi, wamama wanakuja kuuliza bei. Utawaambia nini? Kama ni vioo? Basi tukafungua duka ya viazi pale chini, na mimi mwenyewe nikakaa muuzaji, huku fundi anapiga nyundo juu ya kichwa yangu na mimi naimba kwa nguvu juu wasimusikie. Wateja walisema niko na furaha sana.

Na ikafaulu! Hiyo njo inaniuma mpaka leo. Maaskari walipita pale kila siku, walinunua viazi, hata mumoja hakuinua macho. Bureau ikaisha. Mulango kwa mulango, kioo kwa kioo, viti vya magurudumu, mashini ya baridi ku ukuta bila courant, muzuri kabisa, kimya kabisa. Ilibaki tu kuingia polepole na kufunga kinywa.

Papa akasema: "Na baraka?"

"Baraka gani, papa?"

"Mimi niingie mu bureau yenye padiri hajabariki? Mimi mupagani?"

Nikamuambia: papa, tungojee vita iishe. Akajibu: Hapana. Nikamuambia: padiri peke yake, na wewe, na mimi. Akakubali, muzee wangu muzuri. Batu kumi tu, akasema, hapana zaidi, na kwa siri.

Batu kumi! Mwambie Munande wa kwetu, Mukatoliki, aite batu kumi ku baraka ya nyumba. Wajomba peke yao ni kumi na wanne. Mashangazi wakashona kitenge kimoja, rangi ya machungwa, juu siri haikatazi kuvaa vizuri. Korali ya parokia ikakuja, wakaniahidi wataimba polepole. Waliimba polepole kwa wimbo wa kwanza. Kwa wimbo wa pili mutu fulani alikuwa amekuja na ngoma.

Watu wote hawa walipita ndani ya duka ya viazi, mmoja nyuma ya mwingine, wakapanda, hawakushuka. Hata kipofu angejiuliza viazi gani hizo.

Padiri alimaliza kunyunyiza maji. Papa akasimama katikati ya orofa, chini ya kioo cha paa, koti yake ya Dubai ku mabega, akaanza kushukuru. Akamushukuru Mungu. Akamushukuru padiri. Akamushukuru kaka wa Kampala, kwa plan. Nikakaza funguo za bureau mu mukono. Akamushukuru hata mwenye camion. Kisha akanigeukia, akasema: "Na sasa iko mutu mumoja ambaye nataka..."

Mulango ukafunguliwa. Komanda, na maaskari wane.

Alikuwa Mukatoliki pia, Mungu ni mwema. Akavua kofia, akafanya ishara ya musalaba, akatembea polepole juu ya sakafu yangu na bottes zake. Akagusa kioo. Akakaa ku kiti, akakizungusha, moja, mbili. "Kitoko!" akasema, na batoto wa korali wakacheka, juu kweli ilikuwa kitoko, muzuri kabisa.

"Endelea, vieux. Ulikuwa unamushukuru nani? Ni nani alifanya hii kazi?"

Papa akanitazama.

Na mimi, mujinga, nilifurahi. Naapa. Moyo ulinipanda. Niliwaza: hata mbele ya bunduki, atasema, na hawa mashangazi wote watasikia. Kinywa changu kilisha kufunguka kumusaidia.

"Ni mutoto wangu mwanaume," papa akasema. "Yuko Kampala."

"Na hapa, hakuna mutu anajua kazi hii? Tuko na nyumba Beni, mutaa wa Mulekera, iko vibaya sana."

Pale ndipo nilimukumbuka seremala wa ng'ambo ya barabara. Walikuwa wamemuuliza vilevile, mwezi mumoja uliopita, na yeye akajibu na meno yote inje: "Ni mimi, komanda." Walimupandisha mu camionnette yao kwenda kutengeneza plafond, dari ya nyumba, kazi ya siku tatu. Muke wake alikuwa angali anamungojea.

"Hakuna," papa akasema.

Komanda akaninyooshea kidole. "Na huyu dada mwenye funguo zote?"

"Huyu?" Papa akacheka. Sikuwahi kumusikia anacheka vile, kicheko chembamba, huku anakunja karatasi ya hotuba. "Huyu hajui kitu, komanda. Hata hesabu inamushinda. Anauzisha viazi pale chini."

Alidanganya mbele ya padiri, maji ya baraka hayajakauka. Papa yangu, mwenye anaungama kila Jumamosi. Nilimukasirikia na nilimupenda kwa pamoja, na sikujua niweke macho wapi.

"Basi wewe wa viazi, tuletee chai," komanda akasema. "Vieux, tangu kesho hapa ni état-major ya jeshi. Mutatoa vitu vyenu asubuhi."

"Ndiyo, komanda," papa akasema.

Nikashuka. Ku mulango wa duka kulikuwa askari wa tano, anamenya karanga, na shangazi yangu muzee, ambaye magoti hayakumukubali kupanda. Alikuwa amesikia yote kupitia mbao.

"Mais papa yako njo anasema nini?" akapiga kelele. "Kampala gani? Si ni wewe mwenye ulifanya..."

Askari akainua kichwa.

"Mimi, shangazi?" nikasema. "Mimi sijui kitu. Ni kazi ya kaka."

Nikawasha makaa, nikaweka maji ya chai.